Jinsi ya Kumtawaza Sultani Aliyekataa

Kabla ya yote, tafuta meza. Historia iliyotokea haichagui mahali: hutokea porini, njiani, kando ya kitanda cha mgonjwa. Historia ambayo ingetokea, ile inayoanza na neno "laiti", hutokea mezani peke yake, na hapa Nakuru meza inayofaa ni ya hoteli ndogo karibu na steji ya magari ya Ravine, ambako chai huletwa ikiwa tayari ina maziwa na sukari na hakuna anayekuuliza utaondoka saa ngapi. Agiza chapati mbili na maharagwe. Unakwenda kuunda dola, na dola haiundwi kwa tumbo tupu. Siri hiyo nilikuwa nimepanga kuiweka mwishoni, lakini imekwisha kuniponyoka. Soma basi kwa ajili ya mengine.

Mchezo wenyewe si wetu peke yetu. Huko Ulaya wapo watu wazima, wenye kazi na watoto, ambao jioni zao huishia katika kumtawaza Ali Pasha wa Ioannina. Huyu alikuwa Mwalbania na Mwislamu, mzaliwa wa Tepelena wa karibu mwaka 1740, aliyeishika Ioannina, kaskazini-magharibi ya Ugiriki ya leo, mwaka 1788. Kwa zaidi ya miaka thelathini alitawala huko kwa niaba ya Sultani wa Istanbul kwa jina, na kwa niaba ya tumbo lake kwa vitendo. Barua za ofisi yake ziliandikwa kwa Kigiriki. Mkewe Vasiliki alikuwa Mgiriki na Mkristo. Mwaka 1820 Sultani Mahmud wa Pili alichoka naye, akamletea jeshi la kumzingira. Jeshi likiwa limeshughulika huko, Wagiriki wakaona mwanya na kuanza vita vyao vya uhuru mwaka 1821. Ali aliuawa mwanzoni mwa 1822 katika kisiwa kidogo cha ziwa la Ioannina, kichwa chake kikasafirishwa hadi Istanbul bila mwili. Hapo ndipo wachezaji husogeza viti: laiti angaliungana na Wagiriki mapema, akasalimika, akawa mtawala Mwislamu wa Ugiriki huru?

Swali tamu. Lakini nauli ya Ioannina ni kubwa, na sisi tunalo la kwetu, mwendo wa saa moja na ushee kwa matatu kutoka hapo ulipoketi. Kutoka kwa Ali Pasha chukua sheria moja tu ya mchezo: lazima pawe na ziwa. Kwa hilo Bonde la Ufa halina upungufu. Siku hizi hata limezidisha. Muulize yeyote aliyejenga kando ya Ziwa Nakuru au Baringo akaamka na samaki sebuleni.

Hatua ya kwanza: chagua siku

Wanaoanza huchagua karne nzima, wakapotelea humo. Wewe chagua siku moja. Nakupa ya bure: tarehe 23 Septemba 1897, kituo cha Eldama Ravine, mahali ambapo wenyeji wamezoea kupaita Shimoni.

Siku hiyo Nakuru haikuwapo. Palikuwa na ziwa, na kreta ya Menengai, na lile vumbi ambalo Wamaasai walilipa jina na mji ukalirithi, na njia ya misafara. Reli iliyoanzia Mombasa ilikuwa haijavuka hata mto Tsavo. Hapa ingefika mwaka 1900. Na hapa pasipo na mji, palikuwa Uganda. Kama wewe ni mkazi wa Section 58 au Kaptembwo, isome tena sentensi hiyo polepole. Himaya ya Uganda ilianzia upande wa Naivasha kuelekea magharibi, na Ravine ilikuwa kituo cha serikali yake. Ni tarehe 1 Aprili 1902 ndipo eneo hili lilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Babu yako hakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliomvuka yeye, akiwa amesimama palepale na mbuzi wake.

Ravine siku hiyo palikuwa na kombania za askari wa Kisudani, Waislamu, waliokusanywa kumsindikiza Meja James Macdonald katika safari ndefu ya kaskazini. Karatasi zilisema anakwenda kutafuta chanzo cha mto Juba. Ukweli ni kwamba serikali ya London ilitaka awahi Nile ya juu kabla ya Wafaransa, ambao kweli walifika Fashoda mwaka uliofuata. Askari wenyewe hawakuelezwa wanakopelekwa. Waliambiwa tu watembee.

Wakakataa. Wakachukua bunduki zao, wakaondoka, na njia waliyoishika ilikuwa ya kurudi magharibi: Nandi, Mumias, Busoga.

Hatua ya pili: soma daftari la mishahara

Hapa wengi huharibu. Akisikia "askari Waislamu wameasi", mchezaji asiye na subira huchomoa upanga, akapaka bendera rangi ya kijani, akatangaza jihadi. Tulia. Kunywa chai. Waingereza wenyewe waliingiwa na woga huohuo, kwamba kunaundwa ufalme wa Kiislamu kutoka Nile hadi Bonde la Ufa, na woga wao haukuwa wa bure, tutaufikia. Lakini anza na daftari.

Askari hawa walilipwa kidogo kuliko askari wa pwani waliokuwa wakifanya kazi hiyohiyo. Mshahara ulichelewa kwa miezi. Ulipofika, ulifika kama kitambaa badala ya fedha. Mwaka huo wa 1897 walikuwa wamepelekwa huku na huko bila mapumziko. Julai walikuwa Buddu, upande wa pili wa Ziwa Viktoria, wakimpiga Kabaka Mwanga aliyekuwa ameasi, na sasa wamerudishwa mamia ya kilomita mashariki ili waanze kutembea upya. Familia zao, ambazo kwa desturi yao ya miaka yote zilisafiri pamoja na jeshi, zilitakiwa kuachwa nyuma. Na yule wa kuwaongoza ni Macdonald. Jina hilo liwekee alama. Tutakutana nalo Naivasha.

Kumbuka pia walikotoka. Hawa ni masalia ya jeshi la Misri katika jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudani, lililokatiwa njia na vita vya Mahdi. Gavana wao alikuwa Emin Pasha, ambaye mama yake, Mjerumani wa Silesia, alimjua kwa jina la Eduard Schnitzer. Mvumbuzi Stanley alikuja "kumwokoa" Emin, mwaka 1889 akaondoka naye hadi pwani, askari wengi wakabaki. Waliobaki walikuwa chini ya Selim Bey, kwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, na huko ndiko Mwingereza Lugard alikowakuta mwaka 1891. Selim alikuwa mtu wa mpangilio: hakukubali kutumikia bendera nyingine mpaka Khedive wa Misri aridhie. Wazia mtu aliyesahauliwa porini kwa miaka, nguo zimemwishia, halafu bado anataka barua rasmi. Huyo ndiye mtu wa kumpa nchi, na ndiyo maana tunaingia hatua inayofuata tukiwa na matumaini.

Hatua ya nne: tafuta mfalme

(Ya tatu nimeifuta. Ilihusu muundo wa bendera.)

Sasa una jeshi. Dola inataka kiti, na kiti kinataka mtu. Panga wagombea wako kama mwenyekiti wa harusi anavyopanga wazee, ukijua kila mmoja ana kasoro.

Selim Bey tumekwisha kumpenda. Ziwa analo, hata kisiwa kipo karibu. Tatizo ni kwamba mwaka 1893 Macdonald, yuleyule, alikuwa akishikilia madaraka Uganda, akamshuku Selim kwamba anaunga mkono Waislamu wa Buganda, akawanyang'anya askari silaha na kumwondoa Selim nchini kuelekea pwani. Selim alikuwa mgonjwa tayari. Alifia njiani, Naivasha. Kwa hiyo siku tuliyoichagua, mgombea wetu bora ana miaka minne kaburini, na askari wanaambiwa wafuatane na aliyempeleka huko. Hata kama hukuwahi kufundishwa mbinu za uongozi, hesabu hii utaipata.

Mchezaji mvivu atampa Selim kwinini, amfufue, aendelee. Mimi nakukataza. Ukishaanza kugawa dawa, hutaacha. Utamponya kila mtu na mwisho dunia yako itajaa wazee wenye afya wasio na habari.

Kalema basi? Huyu anafaa kwa sababu moja ya ajabu: alikwisha kufanya unachokiwazia. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo wa Buganda walishirikiana kumwondoa Mwanga. Wakamweka Kiweewa, ambaye hakudumu, hasa alipokataa kutahiriwa; kisha Waislamu wakamweka Kalema, aliyekubali tohara na jina la Rashid. Buganda, nchi ambayo Waislamu walikuwa wachache, ilitawaliwa na mfalme Mwislamu kwa takriban mwaka mmoja, hadi Wakristo walipoungana na Mwanga yuleyule waliyemfukuza na kumrudisha. Kalema alikufa mwaka 1890. Kwa hiyo unapomtafuta "Ali Pasha wetu", jua kwamba laiti yako ilikwisha kutokea mara moja, ikavunjika, na hakuna aliyehitaji kuiandikia riwaya.

Mwanga mwenyewe? Alikuwa amekimbilia upande wa Wajerumani, na mwanawe Daudi Chwa, mwenye umri wa mwaka mmoja na siku chache, alikuwa ametawazwa mwezi Agosti. Mfalme anayenyonya ana faida zake kwa wanaomshikia mkono, lakini kiti hicho kilikuwa na wenyewe. Nabongo Mumia wa Wanga? Mji wake ulikuwa njiani, kila msafara ulilisha tumbo pale, naye alikuwa mwerevu mno kucheza upande usiojulikana kama utashinda. Mabruk Effendi, aliyeongoza waasi? Alikuwa mwanajeshi, na mwanajeshi huyo alijua kitu ambacho wachezaji wengi hatujui: kwamba bunduki haizai nasaba. Naye alitafuta mfalme, kama wewe.

Akamwona Nuhu Mbogo.

Mbogo ni mwana wa Kabaka Suna, ndugu ya Mutesa, baba mdogo wa Mwanga na wa Kalema pia. Damu anayo. Baada ya Kalema ndiye aliyekuwa kiongozi wa Waislamu wa Buganda. Mwaka 1893, katika purukushani ileile iliyommaliza Selim, alipelekwa uhamishoni Zanzibar. Mwaka 1895 akarudishwa. Sasa ni Oktoba 1897, askari wake wa ndotoni wako Busoga, ng'ambo tu ya Nile, wana bunduki, wana ngome, wana hasira, na ujumbe wao ni mfupi: njoo utawale.

Mbogo akakataa.

Hatua ya tano: jinsi ya kuishi na jibu hilo

Hapa ndipo miongozo mingine inakuacha solemba. Wameandika kurasa za mabehewa na mizinga, hawakuandika afanyeje mtu ambaye shujaa wake amesema "hapana, ahsante".

Unaweza kumlazimisha. Unakaa mezani, unafuta neno "akakataa", unaandika "akakubali", unaendelea. Wengi hufanya hivyo. Nimejaribu mara mbili, na kila mara Mbogo wa kwenye karatasi hunitazama kama mzee anavyomtazama kijana aliyemletea hoja ya harambee saa sita mchana juani.

Kwa sababu fikiria alichokuwa amekiona. Alikuwa ameongoza vita akashindwa. Alikuwa ameishi miaka miwili Zanzibar, katika mji wenye sultani, kasri, mizinga ya saluti, na tangu mwaka 1890 bwana Mwingereza wa kumweleza sultani kinachowezekana. Kisha, mwaka mmoja tu baada ya yeye kurudi kwao, mtu mwingine aliulizwa swali kama lake na akasema ndiyo. Khalid bin Barghash aliingia katika kasri la Zanzibar bila ruhusa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zikalipiga kasri, na kabla ya saa moja kwisha usultani wake ulikuwa umekwisha. Sidai kwamba Mbogo aliketi akapima hayo. Ninasema tu kwamba ningekuwa mimi, ningeyapima.

Kwa hiyo Mbogo alibaki kwao, Waislamu wengi wa Buganda wakabaki pamoja naye, na alifariki mwaka 1921, mzee anayeheshimiwa na Waislamu wa Uganda nzima. Kichwa chake kilikuwa mahali pake. Mlinganishe na Ali Pasha kwa uangalifu unaostahili.

Hapa utakuwa na kiti kitupu. Kiache kitupu. Usijaribu kukikalia wewe.

Hatua ya sita: vita, kwa kifupi

Sipendi sehemu hii na nitaipita haraka. Waasi walifika kwenye ngome ya Luba, ufukweni mwa Busoga. Meja Thruston, aliyewaamuru zamani na kuamini kwamba wanampenda, alikwenda kuzungumza nao, wakamkamata. Tarehe 19 Oktoba Macdonald alipambana nao kutwa nzima kilimani, na usiku Thruston na wenzake wawili, Wilson na Scott, wakauawa ndani ya ngome. Baada ya hapo hapakuwa na mazungumzo. Ngome ilizingirwa hadi Januari 1898. Waasi wakaponyoka kwa maji, na Februari wakavunjwa karibu na Ziwa Kyoga.

Lakini tazama nani alisimama na Macdonald siku ile: Makalasinga wachache, na mamia ya wapagazi Waswahili wa pwani waliokabidhiwa bunduki. Watu wa swala tano upande huu, watu wa swala tano upande ule. Bendera yako ya kijani ulikuwa unataka kuisimika wapi hasa?

Hatua ya saba: waulize raia

Tuseme umepata mfalme. Umemkopa, umemchonga, shauri yako. Sasa mpe nchi: kutoka Jinja hadi Naivasha. Humo ndani kuna Wasoga, Waluhya, Wanandi, Watugen, Wamaasai ambao miaka michache iliyotangulia walipoteza ng'ombe wao kwa sotoka na watu wao kwa ndui. Hakuna hata mmoja aliyeomba sultani. Ali Pasha angalau aliwaandikia Wagiriki wake kwa Kigiriki. Wanandi ungewaandikia kwa lugha gani, na nani angempelekea barua kiongozi wao Koitalel arap Samoei akarudi na miguu yote miwili? Huyu ndiye aliyewasumbua Waingereza kwa miaka hadi wakamwua kwa hila mwaka 1905, tarehe 19 Oktoba, siku ileile ya vita vya Luba miaka minane baadaye. (Mchezaji wa laiti hupenda sadfa za tarehe kama paka anavyopenda jiko. Mruhusu, haimdhuru mtu.)

Na usidhani ni wewe tu uliyekuwa na mfalme wa kutuletea. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi wapewe nchi yao Uasin Gishu, hapo juu ukipita Timboroa. Mpango huo dunia inauita wa Uganda hadi leo, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa imekwisha kuhamishwa kutoka Uganda mwaka mmoja kabla. Kongamano la Wazayuni lilijadili, likatuma wakaguzi, na mwaka 1905 likakataa. Walowezi wa hapa, Lord Delamere akiwa mbele, nao walipiga kelele wasije, kwa sababu nchi walikuwa wameitaka wenyewe. Katika miaka minane, Bonde la Ufa lilipangiwa sultani, taifa la Wayahudi na nchi ya wazungu, na mara zote tatu Mnandi aliyekuwa akichunga hapo hakualikwa mkutanoni.

Hatua ya nane: hakikisha hakuna anayekuamini

Hili ni la usalama. Laiti ni kama moto wa makaa ndani ya nyumba: unapasha joto, lakini acha dirisha wazi.

Kwa maana yupo aliyeuchukulia mchezo huu kwa dhati. Alikuwa Mwislamu, alitawala nchi ambayo Waislamu ni wachache, alikuwa mtoto wa kambi za kijeshi ambamo wajukuu wa askari wa Selim Bey walikuwa wamejaa, na katika King's African Rifles alipanda mwaka 1959 hadi cheo kilekile cha Mabruk: effendi. Mwezi Februari 1976 Idi Amin alifungua ramani ya zamani, akaona ulichokiona wewe kwenye hatua ya kwanza, akatangaza kwamba sehemu kubwa ya Kenya ni ya Uganda kwa haki ya historia, hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi. Yaani Nakuru, pamoja na meza yako, chai yako na flamingo wote.

Kwa ramani hakuwa anasema uongo. Ndio ubaya wa ramani. Mzee Kenyatta alijibu kwamba hatoi hata inchi moja, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda, na Amin, ambaye petroli yake ilipitia Mombasa, akaeleza kwamba hakukusudia vita. Kwa hiyo dola ya Kiislamu ya Bonde la Ufa ilidumu siku kadhaa, katika redio, na ikaangushwa na makuli.

Hatua ya tisa: safari ya mafunzo

Ukimaliza kuandika, usichapishe. Panda gari la Ravine. Njia ya Mogotio ina joto na mkonge. Ya Makutano ina baridi na malori. Ukifika, utakuta Wanubi bado wapo, vitukuu vya askari wale waliobaki watiifu na wale waliosamehewa, na wazee bado wanazungumza Kinubi, Kiarabu kilichotembea kwa miguu kutoka Sudani na kupoteza mizigo mingi njiani. Wapo pia Kisumu, Mumias, na Kibera, ambako walitumikia serikali, wakapewa msitu wa kuishi, kisha wakahesabiwa kuwa wageni kwa karibu karne nzima. Hati ya ardhi ya jumuiya, ekari 288, walikabidhiwa mwaka 2017.

Ukimkuta mzee wa Kinubi barazani, mwamkie "shikamoo, baba", kaa, na tafadhali usimwulize, "Laiti mngalishinda ingekuwaje?" Ukishindwa kujizuia ukauliza, usishangae naye akikuuliza laiti ile hati ingalitoka mwaka wa kwanza ingekuwaje. Hapo funga daftari. Laiti yake ina hesabu ya ekari. Yako ina bendera.

Ukirudi Nakuru jioni kwa njia ya Makutano, ukishaupita mji kuelekea Naivasha utaikuta kambi ya Lanet. Tarehe 24 Januari 1964, siku arobaini na tatu tu baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi hapo. Wenzao wa Dar es Salaam walikuwa wameasi tarehe 20, wa Jinja tarehe 23, umbali mfupi tu kutoka ilipokuwa ngome ya Luba. Hakuna aliyetaja sultani. Walitaka nyongeza ya mshahara na maofisa Waingereza waondoke. Serikali mpya ya Kenya ikawaita askari wa Uingereza waliokuwa bado nchini kuja kuwanyamazisha, na wapo wachezaji wenzako wanaoliona jambo hilo kuwa laiti nzuri kuliko zote. Mimi kila nikipita pale huanza tu kuhesabu: kitambaa, miezi ya kuchelewa, miguu.

Sasa funga kazi. Kusanya karatasi zako. Kiti cha mfalme kiache kilivyo, Mbogo anakusalimu. Mhudumu amepita mara tatu akifuta meza iliyo safi tayari, na umekaa hapa tangu asubuhi kwa chai mbili na chapati. Mlipe. Iwe pesa, isiwe kitambaa.